Magoti ya Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alianza kusimulia kabla hajafika mlangoni. Shangazi yake alimsikia tangu kwenye kona ya uchochoro: mwalimu wa hesabu amevaa soksi za rangi mbili, fulani amelala darasani mpaka akakoroma, fulani ameangusha kalamu chooni na sasa hana cha kuandikia. Mdomo wake haukuwa na breki. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, naye alikuwa ameshasahau kulikasirikia jina hilo.

"Ingia kwanza uvue viatu," Shangazi alizoea kumjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Hizo habari hazina miguu, hazitakukimbia."

Chumba chao cha mbele hakikuwa sebule kama cha watu wengine. Kilikuwa karakana. Shangazi alikuwa fundi wa mahema na maturubai, na majora ya kitambaa yalisimama wima ukutani, mengine mazito ya kijani, mengine mepesi ya kijivu. Chumba kilinuka mpira na mafuta ya cherehani. Chiriku alilelewa humo kwa sababu mama yake alikuwa mpishi katika mji wa mbali, akirudi likizo tu.

Kazi ya Chiriku pale karakana ilikuwa moja, nayo haikufanana na kazi ya mtoto mwingine yeyote mtaani. Kazi yake ilikuwa kupiga goti.

Nyuma ya mlango lilikaa sanduku la mbao, pana, la kina kifupi, limejaa mchanga uliolowa maji. Jora jipya likiletwa, Shangazi hakuliamini kwa maneno ya muuzaji. Alikitandaza kitambaa juu ya ule mchanga, akaweka juu yake kipande cha shuka jeupe, kisha Chiriku akapiga magoti hapo kwa uzito wake wote. Alikaa hivyo mpaka magoti yaanze kulalamika, halafu akakaa kidogo zaidi. Akiinuka, wanalitazama shuka. Likiwa kavu, kitambaa kile kinafaa kuwa sakafu ya hema. Likiwa na unyevu hata wa kukisia, kitambaa ni cha paa, au cha kufunikia magunia, basi.

"Kwa nini tusimwage kikombe cha maji juu yake tukaona tu?" Chiriku aliwahi kuuliza, maana magoti yalikuwa yake.

"Maji ya mvua juu ya paa yana pa kukimbilia," Shangazi alimweleza. "Yanateleza, yanaenda zake. Lakini maji yaliyo chini ya mtu aliyelala hayana pa kwenda. Mtu anayakandamiza kwa bega, kwa nyonga, kwa kisigino. Yakibanwa hivyo, yanapenya kuja juu. Mwaga ndoo nzima ukitaka, haitakuambia kitu kuhusu sakafu. Sakafu inataka uzito."

Baada ya kazi, Shangazi alikuwa na desturi ya kumwambia, "Lete magoti tuyaone." Aliyatazama, akayapapasa kwa kidole gumba mahali palipobonyea, akasema, "Haya, pole." Hapo ndipo Chiriku aliporuhusiwa kuchora duara la chaki kwenye ukingo wa jora. Duara la Chiriku likishachorwa, Shangazi hakuuliza tena. Alichukua mkasi akakata.

*

Alasiri moja, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya, aliingia baba yake Pacha.

Pacha hakuwa ndugu wa Chiriku. Walikuwa wakikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakisuka nywele mtindo mmoja na kumaliziana maneno, mpaka mwalimu akawaita mapacha kwa utani. Utani ukanoga. Siku hizi mmoja akimwita mwenzake "pacha" barabarani, hakuna aliyegeuka kushangaa.

Baba yake Pacha alikuwa mwashi, na wiki ile ukuta wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa umeanguka.

"Fundi," alisema, akijipangusa vumbi la saruji mikononi, "mimi ndiye ninayejengea watu, na yangu imeniangukia. Cheka kwanza, halafu tuongee kazi."

Shangazi hakucheka. Alimvutia kiti.

"Nataka hema tukae uani mpaka ukuta usimame," mwashi aliendelea. "Mimi na mama yao tumeokoa kitanda. Watoto watalala chini, kwenye godoro. Kwa hiyo sakafu ishonewe humo humo, isiwe ya kutandika. Yule mdogo wetu kifua chake unakijua."

Shangazi alikijua. Mdogo wake Pacha, mtoto wa kiume wa miaka miwili waliyemwita Bwana Mkubwa kwa sababu ya kitambi chake na amri zake, alikuwa na kifua kilicholia kama filimbi kila baridi ikiingia.

"Jora langu la sakafu limekwisha jana," Shangazi alisema. "Ila hili la bluu limeingia leo asubuhi, muuzaji ameapa ni la sakafu. Tutaliuliza wenyewe." Akamgeukia Chiriku. "Lipige goti mwanzo, katikati na mwisho. Mimi nakwenda kuchukua uzi na kamba, nikirudi nakata."

Wakatoka wote wawili, Shangazi na mwashi. Chiriku akabaki na jora la bluu.

Lilikuwa zuri kwa kweli. Zito, linang'aa, linanuka upya. Alikuwa amelitandaza juu ya mchanga, shuka mkononi, sauti ilipoita kutoka nje.

"Pacha! Njoo basi! Kamba inazungushwa, tunakungoja wewe tu!"

Kesho yake mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya kuruka kamba, na Chiriku na Pacha walikuwa wameapa kuingia pamoja. Chiriku alilitazama sanduku. Mwanzo, katikati na mwisho. Mpaka amalize, jua litakuwa limekwisha zama. Akachota kikombe cha maji, akamwaga juu ya kitambaa. Maji yakasimama matone matone kama shanga, yakabingirika, yakadondokea upande wa pili. Alipapasa kwa kiganja. Kavu kabisa!

"Hilo nalo la kupigia goti?" alijisemea.

Halafu akakumbuka magoti. Shangazi angeyataka. Kwa hiyo akakiondoa kitambaa, akayakandamiza magoti yake moja kwa moja kwenye mchanga, haraka haraka, kama karani anayegonga muhuri, akainuka. Akachora duara la chaki, duara safi, akatoka mbio.

Shangazi aliporudi alimwita kutoka mlangoni. "Umepiga goti?"

"Nimepiga."

"Kote?"

"Kote, Shangazi."

"Lete tuyaone."

Chiriku akasogea, anahema. Shangazi aliinama akayatazama yale magoti yenye vishimo na chembe za mchanga. Alikuwa amebeba uzi na kamba mikono yote miwili, na upepo wa mvua ulikuwa unapekua mapazia. Aliyatazama kidogo kuliko kawaida, au pengine Chiriku alihisi hivyo tu.

"Haya, pole," akasema. Akaingia ndani, akachukua mkasi.

*

Siku za kwanza hema lilikuwa fahari ya mtaa. Pacha aliwakaribisha wenzake mmoja mmoja kama mwenye hoteli, Bwana Mkubwa akigaragara juu ya sakafu ya bluu na kuamuru watu wavue viatu. Chiriku na Pacha waliingia timu ya kamba, wote wawili, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

Kisha mvua ikaanza kunyesha kwelikweli, ikanyesha mfululizo, ardhi ya uani ikashiba maji.

Asubuhi moja mama yake Pacha alikuta godoro la watoto limelowa. Alimgusa Bwana Mkubwa, nepi yake ilikuwa kavu. Akamgeukia binti yake. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho yake tena. Ukuta wa hema hauzuii sauti, na sauti ya mama huyo ilikuwa ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara.

"Nepi ya mtoto kavu, godoro limelowa! Sasa tumtaje nani, mimi? Msichana mkubwa mzima huoni haya!"

Godoro likaanikwa juu ya ule ukuta uliobaki, mbele ya kila apitaye. Na aliyepita kila asubuhi alikuwa mvulana wa darasani kwao waliyemwita Redio, kwa sababu zinazoeleweka. Kabla kengele haijagonga, darasa zima lilikuwa na habari.

"Kikojozi!" mtu akanong'ona kutoka nyuma. Wengine wakabana pua.

Chiriku aligombana nao siku ile. Aliwatukana mpaka mwalimu akamtoa nje. Alikuwa na haki ya kugombana, kwa sababu bado hakujua.

Alijua alasiri iliyofuata. Walikuwa hemani wakifanya kazi ya nyumbani, mpira wa Bwana Mkubwa ukaviringika chini ya kitanda. Chiriku akapiga magoti kuuvuta. Ulimkwamia, akakaa hapo amejinyoosha, akisukuma kwa rula. Alipoinuka, alisikia ubaridi. Akatazama chini. Juu ya sakafu ya bluu, iliyoonekana kavu pande zote, palikuwa na madoa mawili ya maji, ya mviringo, sawasawa na magoti yake.

Aliyapangusa upesi kwa kiganja.

"Umemwaga nini?" Pacha aliuliza.

"Chupa yangu," Chiriku akasema. "Chupa ya maji inavuja."

Pacha hakuitazama hata hiyo chupa. Alikuwa na jambo la kusema, na alilisema kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. "Pacha, nakuapia, mimi sijikojolei. Nalala vizuri, naamka nguo zimelowa mgongoni. Siku hizi hata maji sinywi tangu mchana. Na bado. Unadhani nina ugonjwa?"

Maneno yalikuwa pale pale mdomoni mwa Chiriku, yamejipanga. Msichana aliyekuwa akisimulia hata soksi za mwalimu alikuwa na habari moja tu ya kusema, habari ya maneno machache, na ingemtoa mwenzake kwenye aibu saa ile ile. Lakini ingembidi aseme na lile duara la chaki. Na mchanga. Na kamba.

"Labda," akajibu.

Pacha akainamisha kichwa juu ya daftari lake, akaendelea kuandika.

*

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kwenye mazoezi ya kamba Pacha aliona kizunguzungu kwa kutokunywa maji, akaanguka, akatolewa kwenye timu. Redio alitunga wimbo mfupi kuhusu godoro, na watoto wa madarasa ya chini wakaudaka. Siku moja wakati wa mapumziko wakamzunguka Pacha wakiuimba, naye akatupa macho kila upande mpaka yakampata Chiriku.

"Pacha, waambie!" akalia. "Si unanijua? Waambie!"

Chiriku alikuwa na penseli mkononi. Aliitazama hiyo penseli kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Alisikia wimbo ukirudiwa, ukarudiwa tena, halafu akasikia miguu ya Pacha ikikimbia kuelekea vyooni.

Nyumbani nako alikuwa bubu. Shangazi alisimamisha cherehani akamwangalia. "Leo hakuna aliyekoroma darasani?"

"Hakuna."

"Hata soksi?"

"Naumwa kichwa, Shangazi."

Naye Bwana Mkubwa alikuwa ameanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi chake kilichekesha, kizito kama cha mzee wa baraza. Baadaye hakikuchekesha mtu. Ijumaa asubuhi Pacha hakuonekana shuleni, na Redio, ambaye safari hii hakuwa anacheka, alisema yule mtoto amepelekwa hospitali alfajiri, midomo imembadilika rangi.

Chiriku alirudi nyumbani bila kujua amepita njia gani. Karakana ilikuwa na mgeni, mwalimu wa shule ya awali, amekuja kuagiza sakafu ya kulazia watoto wadogo saa za mchana. Meza ilikuwa imetandazwa kitambaa kilichobaki cha lile jora la bluu. Shangazi alikuwa na mkasi wazi, ncha ya chini imeshaingia kwenye ukingo, karibu kabisa na duara la chaki.

"Usikate!"

Wote wawili wakageuka.

"Usikate, Shangazi. Sikulipiga goti. Nilimwaga kikombe tu. Magoti niliyaweka kwenye mchanga nikakudanganya." Sasa maneno yalitoka yote kwa mkupuo, yanagongana. "Hema la kina Pacha linaingiza maji. Si yeye anayelowesha godoro, ni sakafu. Mimi nilijua. Nilijua, nikanyamaza, na sasa Bwana Mkubwa yuko hospitali."

Mwalimu wa shule ya awali aliaga polepole na kusema atapita siku nyingine.

Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliweka mkasi chini, akakitandaza kitambaa cha bluu juu ya sanduku la mchanga, akaweka shuka, akapiga magoti yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno. Alikaa hapo akiutazama ukuta. Alipoinuka, shuka lilikuwa limelowa madoa mawili makubwa.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda."

*

Uani kwa mwashi, Pacha alikuwa anafua nguo za mdogo wake. Baba yake alikuwa anakoroga udongo na saruji kama mtu anayepigana nayo. Mama alikuwa amerudi mara moja kuchukua chakula na kanga, mtoto akiwa amebaki na mama yake mdogo hospitali.

"Shikamooni," Chiriku alisema. Sauti haikufika mbali.

"Mtoto anaendeleaje?" Shangazi aliuliza.

"Wamemwekea hewa," mama akajibu. "Daktari anasema ni homa ya mapafu. Anasema kifua kilikuwa dhaifu tangu zamani, na kulala kwenye unyevu kumemzidishia. Nikamwambia, unyevu wa huyu hapa." Akamnyooshea Pacha kidole. "Nimemkanya mpaka nimechoka."

Shangazi akamsogeza Chiriku mbele kwa kiganja mgongoni. "Sema. Sitakusemea."

Akasema. Safari hii hakuna neno lililotoka kwa urahisi. Alisema hakupiga goti. Alisema kitambaa hakikuwa cha sakafu, kilikuwa cha paa. Alisema, "Si yeye, mama. Hajawahi kuwa yeye."

Mwashi alitupa koleo, akaingia hemani. Waliyaona magoti yake kupitia mlango ulio wazi, yamekita juu ya bluu. Alipotoka, suruali yake ilikuwa imelowa mbele, pande mbili.

"Nilikaa kwenye kiti chako, fundi," alimwambia Shangazi. "Nikakwambia kifua cha mtoto."

"Uliniambia," Shangazi akasema. "Sina la kujitetea."

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kichwa. "Jana nilimpiga," alisema, si kwa mtu yeyote. "Jana nimempiga kwa fimbo."

Pacha alikuwa amesimama na nguo iliyojaa povu, maji yakimchirizika viwikoni. Hakuwatazama wazazi. Alimtazama Chiriku.

"Ulijua tangu lini?"

Chiriku angeweza kusema leo. Mdomo wake ulishaanza kuipindisha "l" ya leo. Akaumeza uongo huo. "Tangu siku ile ya mpira chini ya kitanda."

"Siku niliyokuuliza kama nina ugonjwa."

"Ndiyo."

"Ukaniambia labda."

Pacha akageuka, akaizamisha nguo kwenye beseni, akaendelea kufua.

*

Hema likarudishwa karakana, na kina Pacha wakalala kwa mama mdogo kwa muda. Shangazi aliagiza jora zito la kijani kutoka kwa muuzaji anayemwamini. Likapigwa goti si mwanzo, katikati na mwisho tu, bali hatua kwa hatua, kutoka ncha mpaka ncha. Chiriku alipiga magoti mpaka akawa anatembea kama bibi kizee. Lile jora la bluu lilifutwa duara lake kwa kitambaa kibichi, likakatwa maturubai ya kufunikia kuni.

Jumatatu, kwa ombi lake mwenyewe, Chiriku alisimama mbele ya darasa akasema yote. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akamwita Redio naye aje aombe msamaha, na Redio akaomba, akilia waziwazi, maana hakuwa mtoto mbaya. Darasani wimbo ulikoma. Lakini madarasa ya chini hayakuwepo wakati Chiriku anaongea, na wao walikuwa wameshaupenda. Muda mrefu baadaye, bado palitokea kitoto fulani kikauimba kwa mbali Pacha akipita, bila hata kujua maana yake. Chiriku alikikimbiza kila mara. Haikusaidia.

Bwana Mkubwa alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Amekonda, kitambi kimekwisha, na amri zake amezisahau hospitali. Alikaa mapajani kwa mama yake akawatazama watu bila kuwatuma popote. Daktari alisema atapona kabisa ila asilale tena kwenye unyevu.

Siku hiyo mama na Pacha wakaja karakana kuchukua hema lililoshonwa sakafu mpya. Shangazi alikuwa amelitandaza lote. Chiriku alisimama kando ya sanduku la mchanga.

"Nimelipiga lote," alisema. "Kila mahali. Kavu kabisa, pacha."

"Ngoja," Pacha akasema.

Aliuvuta ukingo wa sakafu ya kijani, akautandaza mwenyewe juu ya mchanga. Akachukua shuka, akalikung'uta, akaliweka. Kisha akapiga magoti. Alikaa hapo, mgongo umenyooka, muda mrefu kuliko ambao Chiriku aliwahi kukaa hata siku moja. Aliinuka, akalishika shuka, akaligeuza upande huu na upande ule, akalibandika shavuni.

"Kavu," akamwambia mama yake.

Wakalikunja hema wote wanne. Mlangoni Pacha alisema kwaheri, neno zuri tu, kama anavyoaga mtu anayeheshimu watu. Neno lile lingine, pacha, hakulitamka. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameomba dawati la mbele.

Siku ile walipoondoka na hema, Shangazi aliketi kwenye kiti alichokuwa amekalia mwashi. "Njoo hapa. Keti."

Chiriku akaketi sakafuni.

"Magoti yako siku ile," Shangazi alisema, "yalikuwa na chembe za mchanga. Kitambaa kikiwa katikati, mchanga hauwezi kushika goti. Unaacha vishimo tu. Mimi nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na niliziona zile chembe. Mkono wangu umejaa uzi, mvua inakuja, mteja anangoja. Nikajiambia, mtoto amesema amepiga. Nilitaka iwe kweli, nikakata. Kwa hiyo kosa la hema tunaligawana, mimi na wewe. Mimi ndiye mkubwa, langu ni zito zaidi."

Chiriku akaanza kulia.

"Lia, lakini sikiliza. Kukwepa kazi lilikuwa kosa la alasiri moja. Mtoto anataka kucheza, najua, nami nilikuwa mtoto. Ungekuja siku ile ile ukaniambia, tungefumua sakafu na mambo yangeishia kwa mimi kukufokea. Hata ile siku ya mpira bado ilikuwa mapema. Lakini ulimwacha mwenzako ajione mgonjwa, apigwe, achekwe, ili wewe usifokewe. Hilo ndilo lililokunyang'anya rafiki. Kazi ya mikono ukiikosea, unafumua unashona upya. Mtu aliyekuita umsemee, ukanyamaza, huyo sijui namna ya kumfumua."

"Atarudi, Shangazi?"

Shangazi alitaka kusema ndiyo. Chiriku aliliona neno likimjia usoni, kisha likarudi lilikotoka.

"Sijui," alisema. "Wewe kuwa mtu wa kurudiwa. Uwe hivyo hata asiporudi."

Akainuka, akaliburuta jora lililofika asubuhi ile, akalitandaza juu ya sanduku. Kuanzia siku hiyo, alisema, kila kitambaa kitapigwa goti na wote wawili, Chiriku kwanza na yeye baada yake, na hakuna atakayemkagua mwenzake magoti. Watalitazama shuka.

Nje, wasichana walikuwa wanazungusha kamba. Chiriku aliwasikia wakihesabu, na katikati ya sauti zao aliijua moja. Hakuna aliyemwita. Alilinyoosha shuka likakaa vizuri, akapiga magoti, akakaa hapo mpaka yakaanza kulalamika, halafu akakaa kidogo zaidi.